Ngazi Ilipokuwa Bado na Joto

9 Machi

Wametia saini. Meneja wako na profesa wa mwanangu wamekaa meza moja juzi Ijumaa, wametia saini wote wawili, na ngazi ya mwanangu itatengenezwa kiwandani kwenu.

Nisamehe, mdogo wangu, kwa kukutumbukiza kwenye habari kabla ya salamu. Ilikuwa inaniwasha ulimi. Sasa pokea salamu zako. Hujambo? Wifi yangu je, presha yake imetulia? Sisi wazima. Mama yetu anakula vizuri, macho ndiyo yale yale, anaona vivuli tu, na kila asubuhi anauliza umekwenda kazini saa ngapi, kama vile bado unalala chumba cha nyuma. Namwambia umetoka alfajiri. Anaridhika.

Haya. Ngazi unaijua kuliko mimi, lakini acha niieleze, maana nimewaeleza wateja wangu wote na bado sijachoka. Ni ngazi ya mafundi wa nguzo za umeme. Si ya chuma, chuma kinapitisha umeme. Si ya mbao, mbao inaoza. Ni kitambaa cha nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, kinaloweshwa gundi mpaka kinakuwa kigumu kushinda mti, na ngazi yenyewe ni nyepesi hata mimi nitaibeba begani. Miaka minne mwanangu amekaa nayo kwenye maabara yao, anapima, anavunja, anapima tena. Na mwanzo wake wote ni mezani kwangu. Alikuwa anakaa chini ya cherehani, namwonyesha mtande na mshindio, nyuzi za urefu na za upana, namwambia kitambaa ukikivuta kwa urefu kinagoma, ukikivuta hanamu kinakubali. Profesa alinisikia nikisema hivyo akacheka, akasema, "Mama, hilo sisi tunalifundisha mwaka wa tatu." Nimeliandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mbele.

Simu sikupigii kwa mambo kama haya. Maneno ya simu yakishasemwa yamekwisha. Barua mtu anaikunja, anaiweka kabatini, siku akijisikia vibaya anaitoa na kuisoma. Nijibu kwa barua, nami niwe na ya kuwaonyesha watu.

Mwangalie mwanangu hapo. Wewe ndiye fundi mkuu, pale wote wanakuita Gumba na wanakuheshimu. Daktari wangu bado hajapewa huo udaktari wenyewe, wanasema mpaka ngazi isimame. Basi isimamishe.

Ni mimi dada yako


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua yako ilinikuta tunamaliza matenki ya maji ya hospitali, ndiyo maana nimechelewa. Wifi yako anakusalimu, presha imeshuka, ila chumvi ameikataa na sisi wengine tunafungishwa naye. Mwambie mama nimetoka alfajiri. Leo ni kweli.

Habari ya saini niliijua tangu siku ileile, mimi ndiye niliyewapelekea viti. Sikutaka kukukatisha raha.

Mpwa wangu ameshakuja mara tatu. Siku ya kwanza alikuja na mizani ndogo, anapima gundi kwa gramu. Sisi tunapima kwa ndoo, Dada. Fundi wa kalibu akamwuliza, "Daktari, hiyo si mizani ya sonara?" Akamjibu, "Ya sonara ni kubwa zaidi, hii ni ya kupimia bidii yako." Wamempenda tangu hapo. Anainama nao, anashika rola, anachafuka.

Kuna jambo moja tu tunavutana. Gundi yetu ya kila siku, ukiitia dawa inaganda, unabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikikataliwa imeiva. Miaka ishirini na saba nafanya hivyo na hakuna tenki langu lililopasuka. Gundi yake anasema ni nyingine. Ikishaganda ndipo kazi inaanza: inaingia tanurini saa kumi na nane mfululizo, moto uleule, mlango usifunguliwe. Nikamwambia, mpwa wangu, mimi kidole changu kitakujulisha. Akasema, "Mjomba, kidole chako kinasikia ugumu. Nguvu hakizisikii. Kwenye gundi hii ugumu unatangulia, nguvu zinakuja nyuma yake sana." Basi amebandika karatasi kwenye mlango wa tanuri: saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Saini yenyewe ni yangu.

Ana kiburi kidogo. Sijui amekitoa wapi, maana baba yake alikuwa mpole.

Nduguyo


13 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Kiburi amekitoa kwetu, wewe na mimi, usijitie hamnazo. Chumvi mwache wifi yangu aikatae, na wewe ule hivyohivyo, tumbo limekuzidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa wateja na mara moja kwa mama. Mama akauliza, "Kwa hiyo mtoto anamfundisha Gumba kazi?" Nikamwambia wanafundishana. Akasema ni vizuri, Gumba alikuwa hasikii tangu utotoni.

Sasa sikiliza. Daktari wangu amenieleza kuwa ngazi itaonyeshwa Jumamosi tarehe kumi na nne Juni, hapo uwanjani kwenu, na wakubwa wa shirika la umeme watakuwepo, na fundi wao wa nguzo atapanda mbele ya macho ya watu mpaka juu. Wakiridhika wataagiza ngazi za nchi nzima, na yeye ngazi hiyohiyo ndiyo itakayompa udaktari. Nikamwuliza kama mama mtu anaruhusiwa. Akasema anaruhusiwa. Hakusema ni peke yake. Nimekodi basi.

Unamjua yule jirani wa mkono wa kulia, tunayemwita Mama Benki kwa sababu ya mwanawe aliye benki. Miaka sita nasikia habari za kiyoyozi cha ofisi ya mwanawe. Yeye nimemwalika wa kwanza. Nimemshonea na gauni, shingo ya duara, nimempunguzia bei ili akose kisingizio cha kutokuja. Mpaka leo wamekubali watu thelathini na sita.

Dada yako


20 Mei

Dada, shikamoo.

Natumaini mama hajambo na mguu wako umeacha kuvimba. Punguza kukanyaga hiyo cherehani.

Nakuandikia kwa jambo ambalo si zuri sana. Tanuri kubwa limekufa, lile la kuivishia ngazi. Kifaa kimeagizwa, wanasema kinakuja, kila wiki wanasema kinakuja. Kalibu iko tayari, kitambaa kimekatwa, lakini bila tanuri hatugusi. Hata tukilipata mwanzoni mwa Juni, ngazi ikitoka tanurini inatakiwa ipoe polepole, ifungwe viatu vya chini, ipakwe rangi, ndipo wao chuoni waipime kwa mawe kabla mtu hajaikanyaga. Mpwa wangu anasema tusogeze mpaka mwishoni mwa mwezi, hana wasiwasi. Meneja ameniachia mimi neno: nikisema iko tayari, inaonyeshwa, nikisema bado, anawapigia simu watu wa umeme na siku inabadilishwa, basi.

Nimeona nikuulize wewe kwanza kabla sijasema, kwa sababu umeshaalika watu.

Nduguyo


25 Mei

Mdogo wangu,

Mguu haujambo. Mama hajambo. Mimi ndiye mwenye jambo.

Usiseme neno hilo. Watu thelathini na sita wameomba ruhusa kazini, wengine wameshona nguo, nimezishona mimi. Mama Benki juzi amenikuta dukani nanunua vifungo akaniuliza mbele ya watu, "Bado ile siku yako iko palepale?" Kwa sauti ile yake. Nikamwambia iko palepale, ndugu yangu ndiye fundi mkuu wa kile kiwanda na akisema Jumamosi ni Jumamosi. Sasa nirudi kwake nimwambie nini? Kwamba tanuri?

Wewe tangu tukiwa wadogo hujawahi kushindwa na kitu cha mikono. Redio ya baba uliifungua ukaifunga ikaongea. Usiniambie mambo ya kifaa kinakuja. Tafuta njia. Daktari wangu ni mtoto wa darasani, kila kitu kwake kina wiki mbili mbele. Wewe ni mtu wa kazi.

Usiniangushe. Sijakuomba kitu tangu baba afariki, nakuomba hiki.

Dada yako


13 Juni, Ijumaa alasiri

Dada, shikamoo. Nampa barua hii dereva wa basi la jioni akufikishie leo leo, ili ulale vizuri.

Iko tayari. Tanuri walilifufua jana jioni. Leo saa moja kamili asubuhi niliiingiza ngazi kwa mikono yangu, na sasa hivi ni saa tisa alasiri, nakuandikia nimeilaza mezani na karatasi nimeiweka juu yake, bado ina joto, naisikia kiganjani. Nimeibonyeza futi kwa futi kuanzia chini mpaka juu. Dada, ni jiwe. Kidole kimekataliwa kila mahali. Jioni hii naifunga viatu na kuipaka rangi nyeusi mwenyewe, kesho itang'aa mpaka Mama Benki ajione uso.

Njooni. Nimekutengea kiti cha mbele.

Gumba wako


29 Juni

Mdogo wangu,

Nimesubiri wiki mbili barua yako ije kwanza, haikuja, basi nakuandikia mimi. Mama hajambo. Hajaambiwa.

Wewe uliondoka na gari lililompeleka yule fundi wa nguzo hospitali, na hukurudi uwanjani. Kwa hiyo kuna mambo hukuyaona, acha nikueleze.

Tulivyokuja, njiani niliwasomea watu barua yako. Nilisimama katikati ya basi nikashika chuma cha juu, nikaisoma yote, na pale kwenye Mama Benki kujiona uso watu walicheka mpaka dereva akageuka. Yeye mwenyewe alicheka. Tulichelewa kwa sababu yangu, nilitaka tupite kwa mpiga picha. Tukafika saa tano, ngazi imeshapimwa kwa mawe alfajiri, na tangu asubuhi iko juani, nyeusi, inawaka. Nikaigusa nikaondoa mkono. Nikasema, "Inachoma kama pasi." Mwanangu alikuwa anakuuliza jambo wakati ule, nikamvuta tupige picha. Sijui alikuwa anakuuliza nini.

Kupanda kwenyewe uliona. Fundi wa nguzo alifika kipandio cha kumi akatugeukia akatupungia mkono. Mimi nilipiga makofi. Ule mlio niliudhani ni wa makofi.

Ulipoondoka, wakubwa wa umeme walipanda gari lao bila kuaga. Profesa alikaa chini, kwenye mchanga, na suti yake. Mwanangu alikwenda palipovunjika, akachukua kipande, akakivunja tena kwa mikono, akakinusa. Akaingia ndani. Nilimfuata. Alisimama mbele ya tanuri akaisoma ile karatasi ya mlangoni, akaisoma muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Mama, twende." Tangu siku hiyo hajasema lolote.

Tulirudi kwa basi lilelile. Mama Benki alinishika mkono njia nzima. Afadhali angenicheka.

Chuo kimemsimamisha. Wanasema ametoa kitu kwa watu kabla hakijaiva, wanataka kumfuta kwenye utafiti. Miaka minne, mdogo wangu. Wewe ulikuwepo kila hatua. Niambie, kwenye ile karatasi alisoma nini?

Dada yako


27 Julai

Mdogo wangu, hujambo? Wifi yangu hajambo?

Nimepitisha wiki nne nikichungulia kwa dereva wa basi. Ameshaanza kunikwepa, anadhani namdai.

Mama ameuliza umetoka saa ngapi. Nimemwambia sijui.

Dada yako


10 Agosti

Dada, shikamoo.

Nisamehe kukaa kimya. Wifi yako presha ilipanda, akalazwa siku tatu. Paa la jikoni limevuja na nimelipanda mwenyewe. Kazini ni matenki, agizo la shule, tumebanwa kwelikweli.

Kuhusu yale, nisiseme uongo, sina la maana la kusema. Fundi wa nguzo nimemtembelea. Nyonga wameifunga vyuma, anatembea kwa magongo mawili. Watoto wake wawili wananiita babu. Nguzo hatapanda tena, wamempa kazi ya kukaa getini.

Meneja amesema hataki tena kusikia habari za chuo. Anasema vitu vya maabara vibaki maabara. Karatasi ya mpwa wangu wameibandua mlangoni, wanapima kwa ndoo tu. Vijana wanamwulizia, lakini kwa sauti ya chini.

Ngazi ilikaa tanurini muda wake. Karatasi iko kwa meneja, imeandikwa na imetiwa saini. Ya gundi wanayajua wao wenye gundi yao. Dada, yaache yapoe.

Nduguyo


31 Agosti

Mdogo wangu,

Pole kwa wifi yangu. Nimemwombea. Sasa soma hii umekaa.

Wiki hii nilikuwa na mashati ya sare, kola arobaini. Unakijua kile kitambaa kigumu chenye gundi tunachokiweka ndani ya kola. Unakilaza, unaweka pasi juu, unahesabu. Ukiitoa pasi mapema, kola inasimama vizuri tu, ukiigonga kwa kucha inalia. Mteja anaondoka ameridhika. Akiifua mara moja kwa maji ya moto, malengelenge. Nilikuwa nahesabu pasi nikaikumbuka ngazi juani, nikasimama. Nikaiacha pasi hapohapo mpaka kola ya mtoto wa watu ikaungua.

Nikaenda kabatini nikatoa barua zako. Ya mwezi wa nne umeandika kwa mkono wako: saa kumi na nane, mlango usifunguliwe. Ya tarehe kumi na tatu Juni umeandika kwa mkono wako: saa moja asubuhi imeingia, saa tisa alasiri iko mezani, bado ina joto. Mimi nimeishia darasa la saba lakini vidole ninavyo. Nimehesabu mkono wa kulia ukaisha, wa kushoto haukuisha. Ni saa nane. Ilitakiwa itoke saa saba usiku, na wewe saa hiyo ulishaipaka rangi.

Na kwenye karatasi ya meneja umeandika nini, mdogo wangu? Umeandika saa saba usiku, ukatia saini.

Nimemwendea mwanangu chumbani kwake na barua mkononi. Hakuitazama. Alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi. Akasema, "Najua, Mama. Niliinusa. Gundi iliyoiva hainuki." Nikamwuliza, "Na mbele ya hao wakubwa wako umesema nini?" Akasema, "Nimeandika kwamba sina la kuongeza." Nikamwambia wewe una wazimu. Ndipo akanigeukia. Akasema, "Mjomba ndiye aliyenishikisha rola nikiwa na miaka tisa. Amebakiza miaka miwili astaafu. Nikisema, wanamfukuza kesho. Na wakimwuliza kwa nini aliharakisha, Mama, unadhani atamtaja nani?"

Sikulala chini, sikulia. Nilirudi kwenye cherehani nikakaa bila kushona.

Nasubiri uniandikie. Usiniandikie habari za paa.

Dada yako


7 Septemba

Dada,

Umetaka niseme, nasema.

Ni saa nane. Nilibonyeza, ilikuwa jiwe. Ningeapa mbele ya baba. Mpaka yule fundi alipofika kipandio cha kumi ningeapa. Karatasi niliijaza Jumamosi asubuhi kabla hamjafika, kwa sababu mpwa wangu aliniuliza ilitoka saa ngapi na nikaona aibu kumwambia. Swali alilokuwa ananiuliza ulipomvuta kwenye picha ni hilo, alikuwa anauliza mara ya pili. Angeuliza ya tatu ningemwambia. Nataka kuamini hivyo.

Lakini na wewe jiulize. Nilikuandikia tarehe ishirini Mei. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, "bado", silabi mbili tu, nikakuletea wewe kwanza. Ukalijibu vipi? Redio ya baba. Mtu wa kazi. Usiniangushe. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita nikaisoma barua hiyo kama mtoto aliyetumwa dukani. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa ajili ya gauni la Mama Benki, na mtu amevunjika nyonga.

Simkatai mpwa wangu. Nampenda kuliko unavyodhani. Kijana ataanza upya, ana kichwa, vyuo ni vingi. Mimi nikitoka hapa sina pengine, na wifi yako dawa zake zinalipwa na kiwanda. Nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu maishani: ile barua ya tarehe kumi na tatu ichome. Bila hiyo hakuna anayejua ila sisi watatu, na mpwa wangu amechagua mwenyewe.

Nduguyo


14 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, ijapokuwa hukuniamkia. Hujambo? Mama hajambo. Amekula uji leo, na wifi yangu namtakia afya.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Kuhusu mimi uliyoyasema ni kweli, hakuna hata moja la kufuta. Nilitaka yule mwanamke anione, na nilikutumia wewe, na ningekutumia tena wiki ileile kama ungekataa mara ya kwanza. Nilipopiga makofi nilikuwa namtazama yeye, mtu aliyekuwa juu wala sikumtazama. Hilo halitoki.

Ila barua sitaichoma. Sikatai kwa ubaya. Unasema tunajua sisi watatu. Umesahau niliisoma kwenye basi. Watu thelathini na sita wamesikia saa moja asubuhi na saa tisa alasiri na bado ina joto, wakacheka, hawakuelewa, kama mimi. Nitaichoma vipi masikioni mwao?

Unasema mwanangu amechagua mwenyewe. Jana nimempelekea chai nikamkuta anafundisha mtoto wa jirani hesabu za sehemu, kwenye meza ileile aliyokuwa anachorea ngazi. Anamfundisha vizuri, kwa upole. Nikaona hivi ndivyo atakavyozeeka, kwa ajili yetu wawili, na hatatusema. Wewe unaweza kuishi na hilo? Mimi nimejaribu tangu tarehe thelathini na moja, siwezi.

Na kuna jambo jingine amenieleza nilipombana. Kiwandani kwenu sasa hivi wanatengeneza ngazi ndogo za mafundi wa rangi kwa gundi iliyobaki ya kwake. Wanaibonyeza kwa kidole. Vijana wamemwambia kwa ngazi fupi kidole kinatosha, kwa sababu karatasi yako inasema hata saa kumi na nane hazikusaidia, basi ya nini kuwasha tanuri. Umeelewa? Karatasi yako ndiyo inayowafundisha. Kila siku unayonyamaza kuna mtu anapanda.

Kwa hiyo nimefanya tena lile ninalolijua. Nimealika watu. Kikao cha kumfuta mwanangu ni cha wazi, profesa amethibitisha, meneja wako ameitwa na wakubwa wa umeme wameitwa. Nimepita nyumba kwa nyumba kwa walewale thelathini na sita. Mlango wa Mama Benki ndio ulionishinda, nimesimama nje kama mwombaji. Nikamweleza yote, na yangu pia, na habari ya gauni. Akasema, "Nitavaa lilelile." Basi la safari hii nalo nimelikodi mwenyewe, dereva ni yuleyule. Yule fundi wa nguzo nimemfuata getini kwake. Amesema atakuja kwa magongo yake na hataki kubebwa.

Mwanangu sijamwambia. Atanizuia.

Nitasimama mimi kwanza. Nitawasomea barua yangu ya tarehe ishirini na tano Mei, ile ya redio, nimeinakili kwenye daftari kabla ya kukutumia kwa sababu niliipenda. Nitakaporudi kukaa, nafasi itakuwa yako. Ukiwepo, ya tarehe kumi na tatu itabaki mkobani, utasema mwenyewe kwa mdomo wako, saa nane, na uwaambie habari za kidole. Usipokuwepo nitaisoma kama nilivyoisoma kwenye basi.

Mama nitamleta. Nimemwambia utakuwepo, na ameuliza utatoka saa ngapi. Safari hii sikumjibu, nimekuachia wewe.

Ni Jumatano, tarehe ishirini na nne Septemba, saa tatu asubuhi, ukumbi wa chini wa jengo la uhandisi. Watu wote watakuwa wameshakaa.